Kumfundisha mtoto wa mbwa kujisaidia nje: mwongozo kamili tangu siku anayoingia nyumbani

Popi aliletwa kwetu Arusha mwezi wa Julai, katika baridi ile ya asubuhi, akiwa na umri wa wiki 8. Siku ya tatu nikafanya nilichoona kikifanywa tangu utotoni. Nilimshika shingoni, nikamburuta hadi penye mkojo, nikamkandamiza pua pale na kumpiga kofi la mgongoni. Alichojifunza siku ile ni kwamba mtu akiuona mkojo anakuwa mkali. Basi akawa anangoja nigeuke, anapita nyuma ya kochi na kumalizia huko kimya kimya. Nikimtoa nje alisimama tu akinitazama, hakojoi mbele yangu, mpaka turudi ndani. Hofu niliyomtia kwa dakika moja ilichukua karibu wiki tatu kuiondoa.

Baada ya Popi nimelea mbwa wengine wawili ndani ya nyumba na nimewasaidia majirani kadhaa. Ninachokiamini sasa ni kwamba mtoto wa mbwa akichafua ndani, aliyechelewa ni mtu. Ukiwahi muda na kumpeleka mahali palepale kila mara, na ukamfurahia hapohapo anapomaliza, atajifunza. Yote yanayofuata ni namna ya kuwahi.

Mwili wake ulivyo

Mtoto wa mbwa mchanga hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama humlamba tumboni na chini ya mkia ndipo mkojo utoke, naye huula uchafu wote ili malalo yabaki safi. Anapofika wiki ya 3 hivi huanza kujikongoja nje ya malalo ili ajisaidie kando. Kwa hiyo kutochafua anapolala ni tabia aliyozaliwa nayo, na ndiyo tutakayoitumia.

Halafu kati ya wiki ya 7 na ya 9 nyayo zake huanza kuzoea aina ya sakafu. Aliyekulia kwenye majani atatafuta majani. Aliyefungiwa kwenye banda la saruji atajisaidia kwenye saruji, na vigae vya sebule yako kwake ni choo cha kawaida kabisa. Ndiyo maana siku unapokwenda kumchukua, mwulize mwenye mama yake: hawa watoto wanalala wapi, na wanajisaidia juu ya nini? Kama banda lilikuwa chafu na walilazimika kulala juu ya mavi yao, ujue kazi itakuwa ndefu kidogo, maana ile tabia ya kuzaliwa imeshaharibiwa.

Kuhusu kibofu, chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja: hizo ndizo saa anazoweza kujizuia akiwa ametulia. Wa miezi 2, saa 3. Wa miezi 3, saa 4. Hicho ni kikomo cha mwisho, usikipange kuwa ratiba. Akiwa macho, anacheza na kunywa maji, mwenye wiki 8 anaweza kukojoa kila baada ya nusu saa, na hana ugonjwa wowote.

Kabla hajaingia ndani

Chagua sehemu moja ya kujisaidia. Iwe karibu na mlango mnaoutumia sana, mbali na bomba la maji, kamba ya kuanikia nguo na tuta la mchicha. Kama ua wote ni saruji, jaza boksi pana la mbao udongo na majani. Ukipata kitambaa chenye mkojo wake, kikandamize pale kabla hajafika; harufu itamwambia la kufanya.

Andaa kizimba cha kulalia. Si lazima ununue cha dukani; fundi seremala atakutengenezea cha mbao chenye upenyo wa kupitisha hewa. Ukubwa wake ndio wa kuzingatia sana: asimame bila kuinama, ageuke, ajinyooshe alale, basi. Kikiwa kikubwa zaidi atalala pembe moja na kukojoa pembe nyingine. Kama unakitengeneza kwa ukubwa wa mbwa mzima, kigawe kwa ubao, uusogeze kadiri anavyokua. Mlishe humo, mwekee humo kitu cha kutafuna, mlango ukiwa wazi, mpaka aingie mwenyewe. Kamwe usimfungie humo kama adhabu.

Tafuta kamba nyepesi na mkanda wa shingoni, na zawadi. Mimi huchemsha maini, nayakata vipande vidogo kama punje ya harage na kuviweka kwenye kikopo kando ya mlango. Vikiwa mbali hutaviwahi.

Na umwone daktari wa mifugo. Mfululizo wa chanjo za watoto wa mbwa huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16 hivi. Kabla haujakamilika, mfundishe ndani ya ua wako tu. Virusi vya parvo, ugonjwa hatari wa kutapika na kuharisha damu, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na mbwa wa mtaani anayepita njiani anaweza kuwa ameviacha hapo. Mwulize daktari pia ratiba ya dawa za minyoo, maana tumbo lenye minyoo huharisha, na anayeharisha hawezi kujizuia.

Siku inavyokwenda

Mtoe nje nyakati hizi bila kusubiri akuombe: akiamka tu, hata kama ni usingizi wa dakika kumi mchana, akimaliza kula, ndani ya dakika 5 hadi 30, akimaliza kunywa maji mengi, katikati ya mchezo na baada yake, wageni wakiingia, maana furaha hufungua kibofu, na mara ya mwisho kabla ya kulala. Zaidi ya hapo, saa nzima isipite akiwa macho bila kutoka. Wiki ya kwanza unaweza kutoka naye mara 12 hadi 15 kwa siku. Inachosha. Ukiweza kuchukua likizo ya siku chache, ichukue wakati huo.

Mbebe mikononi kutoka kizimbani hadi nje, hasa asubuhi. Ukimwacha atembee mwenyewe atasimama kwenye mkeka wa mlangoni na kumaliza hapo. Akishazoea njia, wiki ya pili hivi, mwache atembee akiwa na kamba.

Mkifika mahali penu, simama. Usiongee naye wala usicheze naye. Mwache anuse, azunguke. Anapochuchumaa, sema neno moja kwa sauti ya chini. Sisi husema "kojoa", na chagueni neno ambalo nyote nyumbani hamtaona haya kulitamka mbele ya wageni. Subiri amalize kabisa, ndipo umsifu na umpe ini papo hapo, hujapiga hata hatua moja. Mtu akimsifu katikati, mtoto hukatisha mkojo ili akimbilie zawadi, kisha humalizia zuliani. Na mtu akingoja kumpa zawadi hadi warudi jikoni, mbwa huelewa kwamba anazawadiwa kwa kuingia jikoni.

Akishamaliza, msirudi ndani haraka. Mfungulie kamba acheze dakika chache. Mbwa akigundua kwamba kukojoa ndiko kunakomaliza matembezi, atajifunza kuchelewesha. Wengine pia hukojoa mara mbili na haja kubwa huja baadaye, kwa hiyo asubuhi nampa dakika 10 hata kama ameshakojoa.

Dakika zikipita bila kitu, mrudishe ndani, lakini si kwa uhuru. Muweke kizimbani, au mfunge kamba kiunoni mwako uendelee na kazi, kisha mtoke tena baada ya dakika 15. Ukiyashika haya mawili, kizimba na kamba ya kiunoni, umeshapunguza ajali nyingi sana, kwa sababu mtoto wa mbwa hapotei machoni pako. Chumba kisicho na mtu ndani yake kifungwe mlango.

Chakula

Hapa watu hupapuuza, na ndipo nilipopata nafuu kubwa kuliko pote. Kinachoingia kwa saa hutoka kwa saa. Wa miezi 2 hadi 4 mlishe mara tatu au nne kwa siku kwa saa zilezile, mwachie bakuli dakika 15 au 20, kisha liondoe hata kama hajamaliza. Chakula cha mwisho kiwe saa tatu hivi kabla ya kulala. Bakuli likikaa sakafuni kutwa, hutajua kamwe haja kubwa itakuja lini.

Wengi wetu tunawapikia mbwa ugali wa dona na dagaa au utumbo. Dagaa wenye chumvi waroweke na uwasuuze vizuri kwanza, la sivyo atakunywa maji jioni nzima na kukojoa usiku kucha. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Ukibadilisha chakula, changanya kipya kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Maji usimnyime, hasa kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Unachoweza kufanya ni kuondoa bakuli la maji saa moja au mbili kabla ya kulala, ikiwa amekunywa vya kutosha mchana.

Dalili za kwamba amebanwa

Ghafla anaacha mchezo. Anaanza kunusa sakafu kwa makini, anazunguka mahali pamoja, anaelekea pembeni au nyuma ya kiti, anautazama mlango. Kila mbwa ana yake. Popi alikuwa anakaa chini na kupiga miayo. Wafundishe watoto dalili hizo. Kwetu, binti wa miaka 7 ndiye aliyekuwa hodari kuliko sisi wote, na alipopiga kelele "Mama, anazunguka!" tulijua tumebakiza sekunde chache.

Akishachafua ndani

Ukimkuta anaendelea, piga kofi moja la mikono au useme "aa-aa!", kiasi cha kumshtua bila kumtisha, kisha mbebe nje. Akimalizia huko hata matone mawili, msifu kama kawaida.

Ukikuta dimbwi limeshapoa, nyamaza ulifute. Najua watu watasema, "Mbona anajua kosa lake? Akiniona tu anainamisha masikio!" Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, alichapisha jaribio la mbwa 14 na wenye mbwa wao. Ile sura ya hatia ilitokea zaidi pale mwenye mbwa alipofoka, iwe mbwa amekosa kweli au hajakosa. Yaani anausoma uso wako, naye hakumbuki alichofanya saa moja iliyopita kwa namna ya kukiunganisha na kofi lako la sasa.

Kusafisha ni nusu ya kazi, kwa sababu pua yake husoma harufu ambayo yako haiisikii, na harufu hiyo humwita tena palepale. Kausha kwanza kwa kukandamiza tambara au magazeti. Usisugue, hasa kwenye zulia, utausukuma mkojo ndani zaidi. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga yenye vimeng'enya, ile iliyoandikwa kwenye pakiti kwamba inaondoa madoa ya damu na jasho. Vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyovunja mabaki ya mkojo. Iache dakika 10 au 15 kabla ya kusuuza. Kwenye vigae unaweza kumalizia na siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, lakini siki usiipeleke kwenye marumaru wala terazo, itayachubua.

Jiki ina kazi yake, hasa nyumba iliyopata parvo, lakini usiimwage juu ya mkojo wala usiichanganye na siki. Mkojo una amonia, na amonia ikikutana na Jiki hutoa hewa inayochoma mapafu. Jiki na siki nazo hutoa klorini. Futa mkojo, suuza, ndipo utumie. Sabuni za sakafuni zenye amonia ziache kabisa. Kwa mbwa zinanukia kama mkojo.

Usiku

Weka kizimba chumbani kwako, angalau wiki za mwanzo. Mtoto aliyetoka kulala na ndugu zake akifungiwa peke yake jikoni atalia kwa upweke, na hutaweza kutofautisha kilio hicho na cha kubanwa. Usiku mwili hupunguza kazi, kwa hiyo hujizuia zaidi kuliko mchana. Hata hivyo wa wiki 8 atahitaji kutoka mara moja au mbili. Tega kengele ya simu kabla hajaanza kulia, kwa mfano saa saba na saa kumi za usiku. Mtoe bila kuwasha taa zote, bila maneno, akojoe, arudi. Kila baada ya siku kadhaa za usiku mkavu, sogeza kengele mbele kwa nusu saa. Wengi wakifika miezi 4 au 5 hulala hadi alfajiri.

Ukiwa unakwenda kazini

Sitakudanganya hapa. Mtoto wa miezi 2 hawezi kukaa saa tisa peke yake, na ukimfungia kizimbani muda huo utamlazimisha alale kwenye mkojo wake, jambo litakaloharibu kila ulichojenga. Kama kuna dada wa kazi, kaa naye na umwonyeshe kila hatua, kwa heshima, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa mwalimu wa mchana. Mwachie kikopo cha maini, na kubalianeni neno lilelile. Nyumba ambayo baba anasifu, dada anapiga na watoto wanacheka, mbwa hatajifunza kitu. Kama hakuna mtu, omba jirani au mlinzi amtoe mara mbili, au mzungushie uzio mdogo barazani, kitanda upande huu na boksi la majani upande ule.

Wanaokaa ghorofani, Nairobi, Kampala au Kariakoo, watumie boksi hilohilo la majani kwenye roshani. Badilisheni majani mara kwa mara. Magazeti yanafaa kwa dharura tu, maana humfundisha kwamba chochote cha karatasi kilicho sakafuni ni choo. Ngazi zikiwa ndefu, mbebeni hadi chini. Na roshani ioshwe kila siku bila maji kumwagikia nguo za jirani wa chini.

Mvua, na majirani

Masika ikianza, mtoto aliyefundishwa kiangazi hugoma kutoka. Sogeza sehemu yake chini ya paa la baraza kabla mvua hazijashika, na utoke naye ukiwa na mwavuli. Ukimsukuma nje peke yake na kufunga mlango, atakungoja mlangoni, kisha ataingia na kukojoa ndani.

Mavi yaokote kila siku. Minyoo ya mbwa hutaga mayai yanayokaa udongoni na kuwaingia watoto wanaochezea hapo, na safura ya mbwa hupenya hata ngozi ya mguu ulio peku. Yafukie mbali na kisima au tupa chooni. Kwenye bustani ya mboga usiyatumie kama mbolea. Na kama una majirani Waislamu, jua kwamba wengi wao hapa kwetu hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate na mkojo wa mbwa ni najisi, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Usimpitishe mbwa kwenye mkeka wao wala njia yao ya kwendea msikitini. Ukimweleza jirani mapema sehemu uliyomchagulia mbwa wako, mtaishi vizuri.

Akirudi nyuma

Karibu kila mbwa hurudi nyuma, mara nyingi kati ya miezi 6 na mwaka. Dume anaanza kuinua mguu na kutia matone kwenye miguu ya meza. Hapo anaweka alama, hajabanwa. Rudisha kamba ya kiunoni kwa wiki mbili, osha alama zote, na zungumza na daktari kuhusu kumhasi. Kwa wengi hupunguza tabia hiyo.

Anayekojoa kidogo huku akijilaza na kupindua tumbo unapomkaribia, huyo anaogopa. Usimwinamie wala usimkaripie. Chuchumaa ubavuni kwake na msalimiane nje. Wengi huacha wakikua.

Ila aliyekuwa msafi kabisa akaanza kukojoa kila mara kidogo kidogo, anajikamua, au mkojo una damu, mpeleke kwa daktari, hasa akiwa jike, maana maambukizi ya njia ya mkojo huwapata zaidi. Mtoto anayetapika na kuharisha damu huku amelegea mkimbize saa hiyohiyo. Parvo haisubiri kesho.

Kumpa nyumba

Wengi huwa wameelewa wakifika miezi 6. Wenye umbo dogo huchelewa kwa sababu vibofu vyao ni vidogo. Usimfungulie nyumba yote siku anapopitisha wiki moja bila ajali. Mpe sebule kwanza. Zikipita wiki tatu au nne kavu, mpe ukumbi, cheza naye humo na umlishe humo mara chache, ili nacho akihesabu kuwa malalo. Kisha chumba kinachofuata. Akichafua, rudi chumba kimoja nyuma.

Mbwa mkubwa aliyezoea kuishi nje na sasa unamwingiza ndani anafundishwa vilevile, tena mara nyingi haraka zaidi, kwa kuwa kibofu chake kimekomaa. Popi alifika miezi saba ndipo nikamwachia mlango wa chumba cha wageni wazi. Aliingia, akanusa pembe zote nne, akatoka akaenda kukaa mbele ya mlango wa nje na kupiga miayo. Nikachukua kikopo cha maini tukatoka.